Privatus Anaozesha

Pale Lusahunga, magari ya mizigo yaendayo Rusumo yanaposimama ili madereva wapate chai, kuna kibanda kilichojengwa kwa mabati mabovu, na ndani yake anakaa mtu anayetengeneza ndoo nzuri za bati. Jambo hilo halijawahi kumsumbua. Jina alilobatizwa ni Privatus, lakini ukimuulizia kwa jina hilo utaelekezwa kwa fundi baiskeli, ambaye naye ni Privatus na anachukia kuulizwa mambo ya ndoo. Ulizia Fundi Hakivuji. Hapo kila kidole cha Lusahunga kitaelekea upande mmoja.

Jina hilo hakupewa na watu. Alijipa mwenyewe kwa kulitamka mno. Kila chombo kinachotoka mikononi mwake, kiwe ndoo, karai au kopo la kuchotea maji, kinajazwa maji mpaka ukingoni na kulazwa usiku kucha juu ya kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Asubuhi Privatus anakinyanyua, anaipapasa karatasi, na akiikuta kavu anatoka nayo barabarani. "Hakivuji!" anasema. Mtu aliyekuja kununua mkaa kwa jirani naye lazima aipapase karatasi ndipo aendelee na safari yake. Ni tabia inayochosha, ila ndoo zake ni nzuri, na hilo hata wanaochoka wanalikubali.

Nyumbani aliishi na binti yake, Adventina. Mke wake alifariki binti akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo walibaki wawili, baba asiyejua kupika na mtoto aliyejifunza upesi kwa kuona njaa inakuja. Sasa Adventina alikuwa mwanamke mzima, na kijana mmoja wa Murusagamba, kule Ngara mpakani na Burundi, alikuwa amemtaka kwa heshima zote. Kijana aliitwa Clever. Alikuwa na migomba yake, maharage yake, na akili zake timamu. Alishamtuma mshenga, mzee Methusela, ambaye alifika mara ya kwanza akaambiwa mvua zipite kwanza. Mvua zikapita. Alipofika mara ya pili, Privatus alisema kiangazi nacho si wakati mzuri wa kuzungumza mambo ya maana, vumbi linaingia mdomoni. Methusela akarudi Murusagamba, akasema magoti yake yamestaafu, watafute mtu mwingine.

Shida haikuwa mvua wala vumbi. Privatus aliogopa nyumba isiyo na Adventina. Aliogopa kurudi jioni akute jiko la baridi na kiti kimoja mezani. Hakumwambia mtu, lakini Lusahunga ni Lusahunga, kwa hiyo kila mtu alikuwa anajua.

Adventina alimwambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, akiwa anamenya ndizi.

"Baba, wakija tena ukawarudisha, sitagombana na wewe. Nitakaa, nitakupikia. Lakini usije ukaniuliza kwa nini sicheki."

Privatus alionja mboga, akasema chumvi imezidi. Mboga ilikuwa bado haijatiwa chumvi.

Sasa tuje kwenye maua, maana ndiyo yaliyoleta balaa lote. Adventina aliuza maua ya ndani kando ya barabara, chini ya kivuli cha nyasi alichojijengea mwenyewe. Alikuwa na lile linalotambaa lenye majani ya umbo la moyo, lile la majani marefu yanayosimama wima, na mengine ambayo wateja waliyaita kwa majina ya kujibunia. Aliyapanda kwenye chochote kilichookotwa: ndoo ya rangi iliyopasuka, dumu la mafuta ya kula lililokatwa nusu, beseni lililotoboka kitako. Na yalistawi mpaka yakawa kero. Unapita zako, jani linakushika shati.

Privatus aliona aibu. Mtoto wa Hakivuji anauza kitu ndani ya ndoo inayovuja! Watu watasema nini? Watu hawakuwa wamesema neno, walikuwa wananunua maua tu. Lakini aibu ya fundi haisubiri watu. Akajifungia kibandani, akakata bati, akakunja, akapiga, akatia lehemu kwenye kila mshono, akarudia tena. Alipomaliza alikuwa na vyombo vya maua vya kuvutia kweli, vifupi, midomo yao imekunjwa nje, vimepakwa rangi ya bluu na kuzungushiwa mistari myekundu. Akavilaza juu ya karatasi. Asubuhi karatasi zote zilikuwa kavu. Akampelekea bintiye baada ya misa ya Jumapili, akasimama pembeni akisubiri kusifiwa.

Adventina alivisifu. Halafu akakipindua kimoja, akatazama chini.

"Baba, matundu yako wapi?"

"Matundu gani?"

"Ya kutolea maji."

Privatus alimtazama kama mtu aliyesikia tusi akiwa bado na nguo za kanisani.

"Mwanangu, mimi nichukue chombo changu nikitoboe kwa mkono wangu? Mimi?"

"Maji yakikosa pa kutokea yanakaa kwenye mizizi."

"Yakae! Maji yakikaa si ndiyo uzuri wa chombo? Weka kokoto chini. Maji yatashuka kwenye kokoto, yapumzike huko, mizizi ikae juu kwa raha zake."

Adventina alijua kokoto hazisaidii kitu. Maji yasiyo na njia huzijaza kokoto kwanza, kisha hupanda kwenye udongo kama kawaida. Lakini alimwona baba yake alivyosimama na rangi ya bluu kwenye kucha zote, akakosa moyo wa kumbishia. Akaweka kokoto. Hapo na yeye alikosea, na baadaye alikiri.

Vyombo viligombaniwa. Rozalia, mwenye mgahawa wa pale stendi, alichukua cha kuweka mlangoni. Mwalimu mkuu akachukua, mke wa mchungaji akachukua, na ile gesti mpya ikachukua vya kuweka kila chumba. Privatus akawa anapita kwenye nyumba za watu kusalimia, akipitisha mkono chini ya chombo kuhakikisha pako pakavu.

Pakavu palikuwa. Huko juu ndiko kulikuwa na msiba.

Kwetu huku mtu akibakiza maji kwenye kikombe hapendi kuyamwaga nje wakati kuna kiumbe kimekaa mlangoni. Kwa hiyo ua la Rozalia lilikunywa na madereva wote waliopita. Dereva wa Burundi alilinywesha kidogo, wa Rwanda akalinywesha kidogo, na mpiga debe ambaye hajanunua chochote akaliongezea. Kwenye ndoo iliyopasuka maji yale yote yangetambaa sakafuni, Rozalia angelalamika, angepiga deki, basi. Kwenye chombo cha Hakivuji hayakwenda popote. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Rozalia akasema maskini, lina kiu, akaliongeza kikombe. Likanywea zaidi, akaliongeza jagi. Kwa mwalimu mkuu ikawa hivyo hivyo, na kwa mke wa mchungaji, na gesti, ambako mfanyakazi wa usafi alikuwa na moyo mzuri na ndoo kubwa.

Siku moja Rozalia aliona shina limelegea na vijidudu vidogo vinarukaruka juu ya udongo. Akalivuta. Likatoka bila ubishi. Chini hapakuwa na mizizi ya kuitwa mizizi, palikuwa na utelezi wa kahawia, na harufu ya mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa.

Rozalia ni mwanamke aliyejaliwa mapafu. Alitoka na lile ua mkononi mpaka barabarani, na wakati huo huo Suzan, mama anayenunua maharage kule Murusagamba, alikuwa ameshapanda mbele kwenye Fuso, injini inaunguruma.

"Suzan!" Rozalia akapaza sauti. "Huko uendako waambie Privatus anaozesha! Anaozesha maua ya watu!"

Dereva wa Fuso angeweza kupiga honi wakati wowote siku hiyo. Alichagua kuipiga hapo. Ikameza maua, ikameza na watu. Suzan alichosikia ni kwamba Privatus anaozesha, akafurahi kwa moyo wake wote, akapunga mkono mpaka gari likapotea.

Kiswahili nacho kina ubahili wake. Mizizi ikiharibika kwa maji, imeoza, na aliyeiharibu ameiozesha. Baba akimtoa binti yake kwa ndoa, naye ameozesha. Neno ni moja, na shughuli ni mbili zisizofanana hata kidogo. Labda mtu wa Pwani angesita, angeuliza anaozesha nini. Sisi tuliokikuta Kiswahili shuleni, tukitoka darasani tunarudi kwenye Kisubi na Kihangaza chetu, neno tunalichukua lilivyotufikia. Suzan alilifikisha Murusagamba likiwa zima, na njiani likawa limenenepa kidogo: Privatus anaozesha, na mwenye haja awahi.

Huku nyuma Privatus alikuwa na wiki mbaya. Watu walimletea maua yaliyokufa mpaka kibandani na kuyaweka juu ya meza yake ya kazi. Aliwaambia wote wamemwagilia vibaya. Rozalia hakubishana, alilichukua tu lile ua lake akalining'iniza mlangoni pa mgahawa, kichwa chini, wateja waulize wenyewe. Nyumbani Adventina alikuwa na kazi zake. Alipika, akapakua, akala. Alikuwa ametimiza ahadi yake kabla hata hajarudishwa mtu mwingine: hakucheka. Privatus alimsimulia kisa cha fundi baiskeli aliyefunga tairi nyuma mbele, kisa ambacho zamani kilikuwa kinamfanya ashike ukuta. Adventina akasema, "Pole yake."

Jumamosi asubuhi wazee wawili wasiojulikana wakaingia uani. Mmoja alivaa koti zito licha ya jua, mwingine alibeba kibuyu kilichofungwa majani ya mgomba mdomoni. Privatus aliwatazama viatu vyao vyenye udongo wa mbali, akajua hawa ni wateja, wamefuata maua yao.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, marahaba. Amani ya hapa?"

"Ipo. Karibuni mkae. Mnatoka wapi?"

"Upande wa Ngara," akasema mwenye koti. Alikuwa mzee Bigirimana, baba mkubwa wa Clever, lakini hilo hakulitaja. Mzee mwenye adabu hataji kazi yake mlangoni. Anakaa, anapewa maji, anazunguka kwanza. "Tumesikia neno huko kwetu. Tukasema, neno kama hiri risiretwe na upepo. Tuje turisikie kwa mwenyewe."

Privatus alijua. Ni maua.

"Neno gani, mzee?"

"Kwamba unaozesha."

Privatus akashusha pumzi. Wiki nzima alikuwa amekana, na kukana kulikuwa kumemchosha kuliko kazi. Hawa ni watu wazima, wametoka mbali. Akaona awe muungwana.

"Kumbe habari imefika mpaka Ngara."

"Imefika na imekaa."

"Basi, wazee wangu, mimi sikatai. Nimeozesha."

Bigirimana akamtazama mwenzake.

"Umeshaozesha? Ni kweri?"

"Nimeozesha. Nimeozesha kwa Rozalia pale stendi. Nimeozesha kwa mwalimu mkuu. Kwa mchungaji nako nimeozesha, ingawa mama mchungaji ni mpole, hakusema kitu."

"Kwa mchungaji," akasema mwenye kibuyu, polepole.

"Na gesti."

"Gesti?"

"Gesti ndiko kubaya zaidi, mzee. Kila chumba."

Bigirimana alikiweka chini kikombe cha maji alichokuwa amepewa. Alikuwa amezunguka sana duniani, alikuwa amepita kambi na mipaka, na hajawahi kuketi kwenye nyumba ya namna hii.

"Yote hayo," akauliza kwa tahadhari, "kwa mwaka mmoja?"

"Masika hii hii."

"Na wenyewe wamekubari?"

"Wakubali wapi! Wananirudishia. Jana kaja mtu kanirudishia mpaka kazini, kaniwekea juu ya meza mbele ya wateja. Na harufu, mzee, harufu yake usiombe."

Mwenye kibuyu akajifuta uso.

"Chanzo ni nini hasa, ndugu yangu?" Bigirimana akauliza, sasa kwa huruma.

"Kunywesha. Kila mgeni akiingia ananywesha. Asubuhi kunyweshwa, mchana kunyweshwa. Nilisema mapema, ingekuwa kidogo kidogo kusingeharibika kitu. Watu hawasikii."

Yule wa pili alikisogeza kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi waliyokuja nayo, taratibu mpaka kikafichika nyuma ya mguu wake.

"Na binti yako," akasema Bigirimana, ambaye moyo wake ulikuwa umemwendea kijana wake kule nyumbani, "yeye anasemaje katika mambo haya?"

"Adventina? Yeye ndiye muuzaji. Mimi natengeneza tu."

Haijulikani wazee wale wangesimama kwa upole au kwa haraka, maana hapo hapo Adventina alitokea nyuma ya nyumba akiwa amekumbatia chombo cha bluu chenye mistari myekundu, na ndani yake ua limeinamisha majani pande zote.

"Baba, na hili la mwisho limeoza," akasema. Kisha akawaona wageni, akapiga goti. "Shikamooni. Baba mkubwa Bigirimana! Mmefika saa ngapi? Clever hajambo?"

Privatus alisikia jina la Clever. Akamtazama mzee, akalitazama koti, akakitazama kibuyu nyuma ya mguu.

"Tumefika mwanangu," akasema Bigirimana kwa shida. "Tunazungumza na baba yako. Anatuereza kwamba ameozesha kwa mchungaji, na gesti kira chumba."

Adventina alimtazama mzee. Akamtazama baba yake, akalitazama ua alilokumbatia. Midomo yake ikaanza kutetemeka, akajaribu kujizuia, ikashindikana. Alikaa chini pale pale uani na chombo chake mapajani, akacheka mpaka akakosa sauti, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. "Maua!" ndiyo yote aliyoweza kusema. "Maua, baba mkubwa! Maua!" Mwenye kibuyu alielewa kwanza, akaanza kucheka kwa pua. Bigirimana akafuata, kwanza kwa kifua, baadaye kwa koti zima.

Privatus hakucheka. Aliona aibu, ndiyo, lakini si aibu iliyomkalisha kimya. Alikuwa anamsikiliza Adventina. Alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu lini? Alijaribu kukumbuka akashindwa, na kushindwa kwenyewe kukamuuma.

Kicheko kilipoisha, mzaha nao uliisha. Bigirimana alijifuta macho, akakung'uta koti lake.

"Basi," akasema. "Kumbe hapa hakuna binti anayeozwa. Ni mizizi. Tumekosea njia, ndugu yangu, utusamehe."

Hakusimama. Alikuwa mzee anayejua kuagana bila kuondoka. Wote watatu wakamtazama Privatus.

Privatus alifungua mdomo kusema lile alilokuwa anasema siku zote. Akatazama nje. Mvua haikuwepo, mbingu ilikuwa safi. Vumbi nalo lilikuwa limelazwa na manyunyu ya jana. Akaufunga mdomo.

Adventina alikuwa ametulia. Alikipindua chombo, udongo ukatoka mzima kama ugali, ukiwa umelowa tepetepe, na kokoto zikafuata zikichuruzika maji.

"Tazama, baba," akasema. "Udongo nililiwekea mzuri. Kivuli lilipata. Chombo umelitengenezea kizuri kuliko vyote vilivyopo hapa Lusahunga. Maji ndiyo usiseme. Halikukosa chochote ila pa kutokea."

Mpaka leo anasisitiza kwamba alikuwa anazungumzia ua. Rozalia anasema hajawahi kusikia uongo mtamu kama huo.

Privatus alichuchumaa. Akautia vidole vyake udongoni, vidole vinavyojua bati kwa kugusa tu, akaivuta mizizi. Ganda lilimchubukia mkononi, ukabaki uzi. Akavuta mwingine, uzi. Aliendelea kuchambua, bila kumwangalia mtu, mpaka akafika katikati.

"Huu bado mweupe," akasema.

"Huo unapona," akasema Adventina. "Ukiikata yote iliyooza, ukauhamisha."

"Lazima kuuhamisha?"

"Lazima, baba."

Akainuka akaingia ndani. Wazee walidhani amekwenda kulia, au kujifungia, na mwenye kibuyu alishaanza kutafuta fimbo yake. Privatus alitoka na nyundo, msumari mnene, na kipande cha karatasi ya saruji. Akakipindua kile chombo cha bluu juu ya jiwe, akaweka msumari katikati ya kitako, akapiga. Mtu aliyepiga bati maisha yake yote alitoa pigo ambalo lisingeua nzi. Bati likabonyea kidogo tu. Akavuta pumzi, akapiga tena, msumari ukapita. Akatoboa pembeni, akatoboa na upande mwingine. Kila tundu lilimtoa sauti ndogo kooni.

Adventina alileta udongo mpya uliochanganywa na mchanga na vipande vya mkaa. Alikata iliyooza kwa kisu, akausuuza mzizi uliobaki, akalipanda ua upya, dogo sasa, karibu uchi. Privatus akakitandikia chombo karatasi yake, kwa mazoea tu, akachukua kile kikombe cha maji ambacho mzee Bigirimana alikuwa ameogopa kukimaliza, akalimwagilia. Wote wanne waliinama kutazama. Maji yalikawia kidogo, kisha karatasi ikaanza kupata doa, doa likapanuka mpaka pembeni.

"Kinavuja," akasema Privatus.

Hakuna aliyecheka, ingawa mwenye kibuyu alilazimika kutazama pembeni.

Privatus aliiacha karatasi pale pale, akamgeukia mzee Bigirimana.

"Mzee, mlisikia kwamba naozesha."

"Ndivyo turivyosikia."

"Basi mlisikia sawasawa. Naozesha."

Adventina aliondoka bila kuaga, akazunguka nyuma ya nyumba, na kutoka huko ikasikika sauti ambayo haikueleweka kama ni ya mtu anayecheka au anayelia. Bigirimana alimshika Privatus mkono akauweka mkononi mwake muda mrefu. Mwenye kibuyu akakitoa kibuyu nyuma ya mguu, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Sasa naweza kunywesha?"

Siku zilizofuata Privatus alizunguka nyumba kwa nyumba na nyundo yake. Alitoboa kwa mwalimu mkuu, akatoboa kwa mchungaji, akatoboa gesti kila chumba, na Adventina akimfuata nyuma na kisu chake na ndoo ya udongo, akiwaonyesha watu kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Kikitoka na unyevu, uache. Ua la Rozalia, lile lililoning'inizwa, lilikutwa na mzizi mmoja hai, na Rozalia akataka aombwe radhi nalo liombwe radhi. Maji yakaanza kuchafua meza za watu, ndipo Privatus akabuni visahani vya bati vya kuweka chini ya vyombo. Visahani hivyo anavipima juu ya karatasi usiku kucha. Havivuji.

Adventina aliagwa mavuno ya maharage yalipokwisha. Gari lilikuwa limesimama mbele ya mgahawa, nyimbo zimeimbwa, machozi ya akina mama yamemwagwa ya kutosha. Privatus alikuwa ametangaza tangu asubuhi kwamba yeye hatalia, jina lake linajulikana. Alimkabidhi Clever chombo kipya cha bluu, na ndani yake lile ua alilolichambua uani likabaki na mzizi mmoja, sasa lina majani mapya. Clever alikiinua akaona mwanga chini. Matundu yalikuwa mengi mno, chombo kilikuwa karibu kiwe chujio.

"Baba, si udongo utatoka wote?"

"Utoke," akasema Privatus. "Usizibe hata moja."

Adventina alimkumbatia, akapanda. Gari likaondoka, likashika barabara ya Ngara, mkono wake ukiwa bado dirishani. Privatus alisimama wima katikati ya njia mpaka kona ikalificha gari. Aliendelea kusimama hata baada ya hapo.

Rozalia alikuja akasimama kando yake. Hakusema kitu, na kwa Rozalia hilo peke yake ni zawadi. Alitoa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji kutoka kwenye kitenge chake, akampa. Privatus alikipokea, akakibandika usoni kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo muda. Alipokishusha, Rozalia akakichukua, akakipapasa kwa kidole gumba kama alivyomwona yeye akifanya miaka yote, akawageukia watu waliojaa barabarani.

"Jamani, njooni mpapase wenyewe!" akapaza sauti. "Kinavuja!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Privatus alicheka pamoja nao, wala hakujifuta.